Bure si huria: kisa cha draiva ya kadi ya michoro

Kiingereza hutumia neno moja kwa kitu kisicholipiwa na kwa kitu kisichofungwa. Sisi tuna bure na tuna huria, lakini bado tunayachanganya, hasa tunapozungumzia Linux.

Tuchukue kadi ya michoro ya NVIDIA. Ili mfumo uweze kuiamuru, huhitaji draiva. (Wapo wasemao kiendeshi, ila neno hilo tumeshalitwika diski. Mimi nabaki na draiva, ndugu yake dereva.) Nouveau ni draiva huria: msimbo wake uko wazi, nayo huja na Linux yenyewe. Ile ya NVIDIA ni bure, hulipi hata ndururu, lakini sehemu kubwa ya msimbo wake imefichwa. Mbona basi watu huing'ang'ania? Kwa michezo mizito, kasi yake kwa kawaida huishinda Nouveau.

Kuiweka kwenye Ubuntu si kibarua. Andika sudo ubuntu-drivers install, kisha uwashe kompyuta upya. Ikiwa Secure Boot inafanya kazi, huenda ukatakiwa kubuni nenosiri, halafu uliandike tena kwenye skrini ya buluu kompyuta inapowaka. Wengi huipita skrini hiyo mbiombio, kisha wakailaumu Linux draiva inapokataliwa.

Shida nyingine huja baadaye. Kiini cha Linux kikisasishwa, moduli ya draiva sharti iundwe upya ili ilingane nacho. Isipolingana, huenda ukaona giza tupu. Hapo, chagua kiini cha awali kwenye menyu ya kuwashia, uingie, kisha uiweke draiva upya.