Dania za Helsinki na Mwanga Unaotaja Majirani

Msomaji wetu mmoja mzaliwa wa Mombasa, anayeishi Helsinki, ametuandikia kuhusu dania zake. Mwezi wa Desemba jua la huko huonekana kwa saa sita hivi kwa siku, kwa hiyo alipanda jikoni, bila udongo, kwenye chombo cha maji yenye virutubisho, na juu yake akawasha taa ya mezani yenye balbu ya zamani, ile ya waya unaowaka. Mbegu zikaota vizuri. Kisha miche ikarefuka, ikapauka na kulala kabla ya kutoa majani ya maana. Akanunua taa ya LED ya mimea, yenye mwanga wa waridi, akapanda upya. Safari hii dania zimekuwa fupi, nene, za kijani kilichokoza. Anauliza taa mpya ina kitu gani ambacho balbu haikuwa nacho.

Jibu la haraka ni kwamba taa mpya ina mwanga mwingi zaidi ambao jani linaweza kuutumia kujitengenezea chakula. Ni jibu la kweli, lakini utamu wa jambo hili uko upande wa pili. Kuna kitu balbu ilikuwa nacho ambacho taa mpya haina, na kitu hicho kiliziambia dania kwamba zimezungukwa na majirani wanaozizibia jua.

Kilimo cha maji chenyewe sitakikalia. Mizizi haihitaji udongo. Inahitaji maji, madini na hewa. W. F. Gericke wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliwaonyesha Wamarekani katika miaka ya 1930 kwamba nyanya hustawi ndani ya matangi, na mwaka 1938 Dennis Hoagland na Daniel Arnon wa chuo hicho hicho wakachapisha mchanganyiko wa madini ambao maabara hutumia hadi leo. Asiye na pampu afuate njia ya Bernard Kratky wa Hawaii: ndoo yenye kifuniko, maji yenye mbolea yakiigusa mizizi, na kadiri maji yanavyopungua sehemu ya juu ya mizizi ipate hewa. pH iwe kati ya 5.5 na 6.5, na ndoo isipitishe mwanga ili mwani usiote. Hayo yanatosha. Turudi kwenye mwanga.

Kisa kinaanzia Beltsville, Maryland, kwenye kituo cha utafiti cha Wizara ya Kilimo ya Marekani. Mtaalamu wa mimea Harry Borthwick na mkemia Sterling Hendricks walikuwa na mtambo wa prizimu uliotandaza mwanga wa taa kali ya kaboni ukawa ukanda mpana wa rangi, kila rangi mahali pake, hata mmea ukaweza kuwekwa ndani ya rangi moja peke yake. Mwaka 1952, wao na wenzao walitoa matokeo ya mbegu za saladi za aina ya Grand Rapids, ambazo nyingi hukataa kuota gizani. Wakizimulika kwa rangi nyekundu, hata kwa muda mfupi, nyingi ziliota. Wakizimulika nyekundu kisha nyekundu nyingine, ile iliyo ukingoni kabisa mwa uwezo wa macho yetu, zilikataa tena. Nyekundu tena, zikakubali. Wakaendelea kubadilishana hivyo, na kila mara rangi ya mwisho ndiyo iliyoamua. Jedwali la matokeo hayo nimelisoma mara nyingi na bado linanisisimua: mbegu iliyoloweshwa maji, ndogo kuliko punje ya mchele, inashika amri ya mwisho na kuzifuta zote zilizotangulia.

Rangi hiyo ya pili inahitaji jina. Ningeweza kuiita nyekundu ya mbali, lakini msomaji angeuliza mbali na wapi. Nitaiita nyekundu-giza, kwa kuwa ni ndugu wa nyekundu ambaye jicho la binadamu karibu halimwoni. Nyekundu ya kawaida ina urefu wa wimbi wa nanomita 660 hivi, na nyekundu-giza kama 730.

Watu wa Beltsville walikisia kwamba mimea ina kemikali moja yenye maumbo mawili, nyekundu ikiigeuza upande mmoja na nyekundu-giza ikiirudisha. Mwaka 1959, Warren Butler na wenzake waliigundua kwa kipima-mwanga ndani ya miche ya mahindi iliyooteshwa gizani. Ikapewa jina la fitokromu.

Mmea una haja gani ya kulinganisha nyekundu mbili? Twende Kilimanjaro, kwenye mifongo, ile mifereji ambayo Wachagga wamechimba kuteremsha maji kutoka msituni hadi mashambani. Fikiria mkulima ambaye shamba lake liko chini kabisa, na hawezi kuwaona walio juu yake. Maji yanayomfikia yamebeba majani makavu ya msituni. Kila jirani wa juu huchota maji, lakini hakuna anayechota majani makavu, huyaacha yapite. Siku maji yakipungua, sababu inaweza kuwa moja kati ya mbili. Pengine mvua ni haba huko juu, na hapo maji na majani makavu hupungua pamoja. Au watu wengi wamefungulia maji mashambani mwao, na hapo maji yanapungua lakini majani makavu yanafika karibu yote. Akiangalia maji peke yake hatajua lolote. Akiangalia maji dhidi ya majani makavu, anajua kama wa kulaumiwa ni mbingu au jirani, na hata anakisia ni majirani wangapi.

Mmea hufanya hivyo hivyo. Klorofili hunyonya nyekundu na kuitumia, lakini nyekundu-giza huiachia ipite. Wingu likitanda, zote mbili hupungua kwa pamoja, na mmea hautishiki sana. Jani la jirani likikaa juu, nyekundu inapotea na nyekundu-giza inabaki. Kwenye jua wazi nyekundu huizidi kidogo nyekundu-giza. Chini ya majani mazito nyekundu hubaki sehemu ndogo tu ya kiasi cha nyekundu-giza. Tena mmea hausubiri kufunikwa. Majani huirudisha nyekundu-giza pembeni, kwa hiyo miche iliyokaribiana hupata habari kabla kivuli hakijaangukia yeyote. Carlos Ballaré na wenzake wa Argentina walilithibitisha hili mwaka 1990: mashina ya miche yaliyozungushiwa kimiminika kinachozuia nyekundu-giza hayakurefuka kama yalivyotarajiwa mbele ya majirani. Huko Guelph, Kanada, Clarence Swanton na wenzake walionyesha kwamba mahindi machanga hubadilika umbo kwa sababu ya mwanga unaorudishwa na magugu, hata maji na mbolea vikiwa tele. Anayechelewesha palizi kwa kuwa magugu bado mafupi aijue habari hiyo.

Sasa tuingie ndani ya seli. Katika fitokromu kuna kijisehemu cha rangi kilichoshikamana na protini. Kikinyonya nyekundu, pete yake ya mwisho hugeuka kwenye kiungo kimoja tu cha kemikali, na mgeuko huo mdogo hubadili umbo la protini nzima. Fitokromu iliyoamka huingia kwenye kiini cha seli na kuzikamata protini ziitwazo PIF, ambazo kazi yake ni kuamrisha shina lirefuke. Zikikamatwa, nyingi huvunjwa, na mmea hubaki mfupi na imara. Nyekundu-giza ikizidi, pete hurudi ilikokuwa, PIF hujaa, mmea hutengeneza homoni ya auksini kwa wingi, kuta za seli hulegea na seli hunyooshwa. Mali ghafi haijaongezeka. Ni ile ile iliyotandazwa kwenye urefu mkubwa zaidi. Ndiyo maana shina linalala.

Balbu ya waya unaowaka hutoa nyekundu-giza nyingi kuliko nyekundu. Kila jioni msomaji wetu alipoiwasha, dania zilipata habari za umati uliozitangulia kwenye jua. Taa ya LED ya waridi hutoa nyekundu na buluu, na nyekundu-giza kidogo sana au hakuna kabisa, hivyo kila mche unajiona peke yake uwanjani. Tunaweza kuwa nayo leo kwa sababu Shuji Nakamura alipata LED ya buluu yenye mwanga mkali mwaka 1993, kazi iliyompa Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya 2014 pamoja na Isamu Akasaki na Hiroshi Amano. LED nyekundu zilikuwepo tangu miaka ya 1960. Buluu nayo huzuia urefu kwa njia zake, na LED nyeupe ya kawaida yenye nguvu hufanya kazi vizuri vilevile.

Nina neno moja zaidi kwa wanaoishi kwenye baridi. Hata mwaka 2010 lisingesemwa kwa uhakika. Ni mwaka 2016 ambapo makundi mawili ya watafiti, la Philip Wigge huko Uingereza na la Jorge Casal huko Argentina, yalionyesha kwamba fitokromu hupima joto pia. Usiku ile iliyoamka hulala yenyewe polepole, na joto huiharakisha. Chombo kilichowekwa juu ya kipasha joto cha ukutani, katika usiku mrefu wa Finland, hupoteza fitokromu iliyoamka mapema, na shina huanza kunyooka kabla ya asubuhi.

Kwa hiyo dada yetu wa Helsinki akiondoe chombo juu ya joto hilo, apande mbegu kwa nafasi badala ya kuzimwaga kwa konzi, na asiache taa ikiwaka usiku kucha, kwani dania hukimbilia kutoa maua siku zikirefuka. Mchicha na sukuma wiki vitahitaji taa yenye nguvu zaidi, na bili ya umeme itapanda. Zile dania ndefu za kwanza hazitafupika tena, lakini bado zinaliwa. Azikate atie kwenye mchuzi.