Tazama kwanza, panga baadaye

Mvua zikianza, wengi wetu wa mjini hupanda basi kwenda kijijini kulima. Haipiti siku mbili utasikia kelele bustanini: "Nyoka! Nyoka!" Mapanga yanatoka, marungu yanatoka, na punde kiumbe kimelala pale vipande vipande. Hakuna aliyeuliza ni nyoka gani wala alifuata nini. Ndugu msikilizaji, desturi hii ina gharama, na gharama yenyewe ni panya.

Panya hufukua mbegu shambani, kisha huyafuata mahindi mpaka ghalani. Miongoni mwa wanaomla ni nyoka. Yuko mmoja wa rangi ya kahawia, asiye na sumu, ambaye huingia majumbani akifuata panya. Tukimwua huyo tumemfukuza mlinzi na kumwachia mwizi funguo.

Wapo na walinzi wengine. Mjusi kafiri ukutani hula mbu na nondo. Chura hula wadudu usiku kucha wala hadai mshahara. Na kinyonga, tunayemkimbia kwa hofu, hana sumu hata chembe. Kila jicho lake hutazama upande wake, na ulimi wake ukirushwa huweza kuupita mwili wake kwa urefu. Panzi akija karibu, habari yake imekwisha.

Kuwafahamu hakuhitaji shahada. Mjusi na nyoka hupata joto kutoka kwenye jua, kwa hiyo saa mbili hadi saa nne asubuhi ndipo huonekana wakiota jua juu ya mawe na magogo. Simama mbali, tulia. Usiku chukua tochi: kinyonga hulala kwenye ncha ya kijiti, rangi imepauka, naye huonekana kwa urahisi kuliko mchana. Bondeni penye majani na madimbwi, sikiliza vyura. Waimbaji ni madume wanaoita majike. Huku pwani, kwa mfano Muheza, huenda ukaona povu jeupe limening'inia kwenye tawi juu ya dimbwi. Hicho ni kiota cha chura wa mitini. Mayai yamo humo, na viluwiluwi wakiwa tayari hudondoka majini.

Chura pia ni kipimo. Ngozi yake hupitisha maji na hewa, basi hupitisha na sumu. Dawa ya mimea ikitiririka dimbwini, yeye ni wa kwanza kuumia. Bonde lililozoea kelele zake likinyamaza wakati wa mvua, uliza kulikoni, maana maji hayo ndiyo pengine unayochota.

Tunalo somo letu wenyewe. Chura mdogo wa Kihansi, anayezaa watoto badala ya kutaga mayai, aligunduliwa mwaka 1996 kwenye manyunyu ya maporomoko ya maji. Mwaka 2000 maji yalielekezwa kwenye mitambo ya umeme, na kufikia 2009 alitangazwa kutoweka porini. Alirudishwa mwaka 2012 kwa sababu wachache walikuwa wamehifadhiwa Marekani. Kama asingekuwapo mtu aliyeinama kutazama, tungempoteza bila kujua tulikuwa naye.

Sisemi tufuge swila. Swila, kifutu na koboko wanaua, na kuwatofautisha na wengine si kazi ya mgeni. Kwa hiyo usimshike nyoka yeyote, usiingize mkono shimoni, vaa mabuti, na usiku usitembee bila taa. Akiingia nyumbani, watoe watoto kwanza. Aliyeumwa asichanjwe wala asitembezwe. Abebwe haraka hospitalini.

Lakini yule aliye bustanini anayekwenda zake, mpishe. Msimu huu, kabla ya kuinua panga, muulize mwenye shamba swali moja: panya wa hapa wanaliwa na nani?