Magurudumu ya Ndege Yanapokataa Kushuka

Katika aina kadhaa za ndege ndogo, magurudumu hukunjwa baada ya kuruka ili kupunguza ukinzani wa hewa. Kabla ya kutua, rubani huyashusha, nayo yakishajifunga barabara, taa tatu za kijani huwaka. Je, taa moja isipowaka?

Yafaa ikumbukwe kwanza kwamba kinachoishikilia ndege angani si magurudumu bali mabawa. Maadamu injini inafanya kazi na petroli ipo, rubani anao muda. Hupanda hadi kimo cha salama, kisha huchunguza: je, ni taa yenyewe iliyoungua, au ni fyuzi? Huweza pia kupita karibu na mnara wa kuongozea ndege ili walioko humo wayatazame magurudumu.

Hata hivyo, uchunguzi huo usimsahaulishe kazi ya kurusha ndege. Tarehe 29 Desemba 1972, marubani wa ndege kubwa ya Eastern Air Lines ya Marekani walishughulika na taa ya gurudumu la mbele iliyokuwa imeungua, wasitambue kwamba ndege ilikuwa ikishuka polepole. Ilianguka katika kinamasi cha Everglades, Florida, na watu 101 wakapoteza maisha.

Hitilafu ikiwa ya kweli, ipo njia ya dharura. Katika Piper Arrow, magurudumu hushikiliwa juu na shinikizo la mafuta. Likiachiliwa, huanguka kwa uzito wake. Cessna 210 ina pampu ya mkono.

Njia hizo zikishindikana, ndege hutua kwa tumbo. Nishati ya mwendo ni nusu ya tungamo mara mraba wa mwendokasi. Ndege ya kilogramu 1,100 ikigusa ardhi kwa mita 40 kwa sekunde ina jouli 880,000. Kwa mita 30 kwa sekunde, jouli 495,000. Tukichukua kani ya msuguano kuwa nyutoni 4,400, ya kwanza itaserereka mita 200, ya pili mita 112.5 tu. Ndiyo maana rubani hugusa ardhi kwa mwendo mdogo kadiri mabawa yanavyoruhusu, lakini haupunguzi kupita kiasi akiwa bado juu, kwani mabawa yatashindwa kuibeba ndege. Abiria hukaza mikanda, na mara kutua kunapokuwa hakika, petroli na umeme hufungwa ili kuzuia moto.

Wako wanaoshawishika kuzima injini mapema ili propela isipindike. Hilo ni kosa, kwa sababu injini iliyozimwa humnyima rubani nafasi ya kupanda na kujaribu tena. Propela iliyopindika huweza kubadilishwa. Uhai hauna kipuri.