Mimba Changa na Shamba la Tumbaku

Mama mpendwa, je, umewahi kurudi kutoka kuchuma tumbaku asubuhi yenye umande, kizunguzungu na kichefuchefu vimekushika? Jirani hucheka: "Mwenzetu tayari!" Huenda amesema kweli. Huenda pia ni sumu ya tumbaku. Yakiwa yote mawili, mtoto aliye tumboni anahitaji ulinzi wako leo.

Zamani wapagazi wa Kinyamwezi walipita Tabora katika njia ya misafara ya Bagamoyo na Ujiji, pembe za ndovu mabegani. Siku hizi mzigo wa Urambo, Sikonge na Kaliua ni tumbaku, na akina mama wengi hufanya kazi ya kitaluni, ya kuchuma na ya kufunga majani yanayopelekwa banini.

Sumu huingiaje?

Nikotini ya jani bichi huchanganyika na umande au mvua, ikapenya ngozi. Dawa nyingi za kuua wadudu nazo hupenya hivyo hivyo, au huvutwa kwa pumzi. Kutoka damu ya mama, nikotini na baadhi ya dawa hizo hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto.

Zamani madaktari wengi walidhani kondo ni ukuta imara. Thalidomide iliwafundisha vingine. Dawa hiyo ilianza kuuzwa Ujerumani Magharibi mwaka 1957, na wajawazito waliimeza kutuliza kichefuchefu. Iliondolewa huko mwaka 1961, baada ya maelfu ya watoto kuzaliwa na mikono au miguu mifupi. Watafiti waligundua kuwa madhara yalitegemea siku mama alipoimeza: siku chache mapema au baadaye, kiungo kingine ndicho kilichodhurika.

Siku za kuangalia

Moyo wa mtoto huanza kupiga yapata siku ya 22 tangu mimba kutungwa. Mfereji unaokuwa ubongo na uti wa mgongo hufunga yapata siku ya 28. Kufikia wiki ya 8, viungo vyote vikubwa vimekwisha anza kuumbika. Wakati huo wengi wetu hatujaenda kliniki. Wengine hata hawajajua. Kungoja tumbo lionekane ni kuchelewa.

Usiingiwe na hofu: si kila aliyegusa tumbaku huzaa mtoto mwenye kasoro. Lakini kinga ni bora.

Ufanye nini?

1. Ukitazamia mtoto, au ukikosa siku zako, acha kunyunyizia dawa na kushika majani mabichi. Kazi hiyo wasipewe watoto.
2. Ukilazimika, ngoja majani yakauke umande, vaa mikono mirefu na glovu, kisha oga kwa sabuni.
3. Fua nguo za shamba peke yake.
4. Dumu la dawa lisitiwe maji wala mafuta ya kula.
5. Uliza kliniki kuhusu vidonge vya asidi ya foliki hata kabla ya kushika mimba.

Mwisho, mpe mumeo ukurasa huu asome. Bei ya tumbaku mnaijadili pamoja. Jadilini na hili.