Fahamu: Insha ya mtihani wa SAT ilivyosahihishwa

Kuanzia mwaka 2005, mtihani wa SAT, ambao vijana wa Marekani huufanya wakiomba nafasi vyuoni, ulidai insha ya dakika 25. Wasahihishaji wawili waliisoma, kila mmoja kivyake, wakatoa alama 1 hadi 6, kisha zikajumlishwa. Wakipishana kwa zaidi ya alama moja, aliitwa wa tatu. Watetezi wa utaratibu huo wana hoja: bila kanuni moja, alama ingetegemea bahati ya kuangukia msomaji mpole. Lakini wasomaji wawili kukubaliana hakuthibitishi kwamba wamepima kinachostahili kupimwa. Les Perelman wa chuo cha MIT alipochunguza insha za mfano, aliona urefu uliendana mno na alama, na aliyekosea mwaka wa vita hakupunguziwa kitu, kwani wasahihishaji walielekezwa kupima uandishi tu. Mtu atasema dakika 25 hazitoshi kuhakiki tarehe. Ni kweli, na kasoro iko hapo hapo: mtihani uliomnyima kijana muda wa kufikiri ulimtuza aliyejaza karatasi. Mwaka 2016 insha ilifanywa ya hiari. Mwaka 2021 ikaondolewa kwa watahiniwa wengi.