Fahamu: Zohran Mamdani, mbunge wa zamani wa jimbo aliyeshinda umeya wa New York

Zohran Kwame Mamdani alizaliwa Kampala mwaka 1991. Jina Kwame ni la kumuenzi Kwame Nkrumah, rais wa kwanza wa Ghana. Baba yake, Profesa Mahmood Mamdani, alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia nchini Uganda. Zohran alihamia New York akiwa na miaka saba, na mwaka 2020 alichaguliwa kuingia bunge la jimbo hilo.

Ukitaka kumwelewa, tazama mwaka 2021. Madereva wa teksi walikuwa wamekopa mamia ya maelfu ya dola kununua vibali vya teksi, kisha bei ya vibali ikaporomoka. Mamdani aligoma kula pamoja nao siku 15, nje ya ofisi za jiji, hadi yakapatikana makubaliano ya kupunguza madeni. Kwangu mimi, hilo lina uzito kuliko hotuba zake zote.

Alipowania umeya aliahidi mabasi ya bure na kusitisha upandishaji wa kodi ya pango kwenye nyumba ambazo kodi yake hudhibitiwa. Juni 2025 alimbwaga gavana wa zamani Andrew Cuomo katika kura za mchujo za chama cha Democratic. Novemba 4 akambwaga tena katika uchaguzi wenyewe wa umeya. Urais wa nchi, hata hivyo, hawezi kuugombea: uraia wa Marekani aliupata mwaka 2018, na Katiba inamtaka rais awe raia wa kuzaliwa.