MSX

MSX ni mfumo wa kompyuta za nyumbani uliotangazwa nchini Japani mwaka 1983. Ulibuniwa na Kazuhiko Nishi wa kampuni ya ASCII kwa kushirikiana na Microsoft, ili kompyuta za makampuni mbalimbali, kama vile Sony, Panasonic na Sanyo, ziweze kutumia programu zilezile.

Michezo

Michezo ya MSX iliuzwa katika kaseti za kuchomeka, kanda za sauti na diski. Kampuni ya Konami ilitengeneza mingi inayokumbukwa, ukiwemo Metal Gear (1987) wa toleo la MSX2. Nchini Kuwait, kampuni ya Al Alamiah iliuza MSX zenye herufi za Kiarabu kwa jina la Sakhr.

Tanzania

MSX huunganishwa na televisheni ya kawaida. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na televisheni. Zanzibar ilikuwa na kituo chake cha televisheni tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara matangazo yalianza mwaka 1994. Wakati huo MSX turbo R, toleo la mwisho, lilikuwa limeshatoka tangu 1990. Hivyo enzi ya MSX ilipita kabla televisheni haijaenea katika nyumba za Kariakoo na Dar es Salaam kwa jumla.